Kiwanja kisichotembelewa

Hapa Bombo, Uganda, ukikaa kwenye baraza lolote jioni, hukosi kusikia ushauri huu: nunua ardhi, iache, baada ya miaka kumi utauza kwa bei utakayo. Wanaousema hawadanganyi kuhusu bei. Sote tumeona wilaya ya Wakiso, inayopakana na Kampala, mashamba ya ndizi yalivyokatwakatwa yakawa ploti za futi 50 kwa 100. Mimi nagomba na neno moja tu: iache.

Mama yangu mdogo aliiacha. Mwaka 2009 alinunua ploti ya namna hiyo mbele ya Wobulenzi kwa fedha za vitenge, alizokusanya kidogo kidogo. Hati akaifunga ndani ya sanduku la bati, chini ya nguo za Idi. Akawa na raha, maana ameweka akiba. Mwaka 2021 mumewe alipougua akataka kuuza, tukaenda naye kuitazama.

Tulikuta nyumba ya bati na migomba mirefu kuliko mlango. Miti ya luwanyi iliyopandwa mpakani ilikuwa imeng'olewa. Jiwe la mpaka, lenye namba zake, tuliliona nyuma ya jiko: mama mmoja kijana alikuwa ameliegemezea beseni, anafua nepi. Hakuwa mwizi. Alituletea mkeka tukae, akatuambia mumewe aliuziwa pale na mtu aliyejiita mwenye shamba, na karatasi ya mauziano anayo.

Watu wengi wakisikia hivi husema, "Si ana hati? Awafukuze." Mambo hayaendi hivyo. Sheria ya ukomo wa mashauri inakupa miaka 12 ya kudai ardhi yako tangu mwingine alipoishika, na siku zinahesabika hata wewe ukiwa umelala. Tena Buganda ardhi nyingi ni ya mailo, mfumo uliotokana na Mkataba wa 1900 kati ya Waingereza na ufalme wa Buganda, na kipande kimoja huweza kuwa na mwenye hati na mwenye kibanja, yaani anayekaa na kulima juu ya ardhi yenye hati ya mwingine, kila mmoja na haki yake. Mwenye kibanja halali analindwa na Sheria ya Ardhi ya 1998, na tangu marekebisho ya 2010 haondolewi ila kwa amri ya mahakama, kwa sababu ya kutolipa busuulu, kodi ya mwaka anayomlipa mwenye ardhi. Kwa hiyo anayenunua hati bila kuuliza nani analima pale, pengine ananunua makazi ya watu. Hilo linaniuma kuliko hasara yoyote ya fedha.

Halafu kuna kungoja kwenyewe. Mafuta yalipothibitishwa upande wa Hoima mwaka 2006, watu walikimbilia kununua. Uamuzi wa mwisho wa kampuni za mafuta kuwekeza ulitangazwa Februari 2022. Miaka 16! Mwenye subira hula mbivu, sawa, lakini ada ya shule haina subira, na ugonjwa ndio kabisa. Ploti huwezi kuikata pembe ukalipie dawa. Dalali akijua una mgonjwa wodini, bei anaipanga yeye. Ndiyo maana nawasihi wenzangu wasizike shilingi zote ardhini. Hati fungani za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba, zinapatikana Benki Kuu kuanzia shilingi 100,000, na chama cha akiba cha mtaani kina faida yake pia.

Ukinunua, basi kaa na ardhi yako. Kabla ya kulipa, fanya upekuzi kwenye ofisi ya ardhi, nenda na mpima, waulize majirani na mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji. Ukishalipa, panda kitu. Ukimpa mtu alime, andikianeni mbele ya mwenyekiti kwamba analima tu, na mwaka ukiisha mwandikiane tena.

Mama mdogo hakwenda mahakamani. Walikaa chini ya mwembe wa mwenyekiti mara nne, wakagawana: familia ile ikabaki na upande wa nyumba, yeye akachukua upande wa barabara, mpima akaweka mawe mapya. Fedha za matibabu tulichangishana sisi wanawe. Sasa kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi hupanda teksi na panga lake ndani ya gunia, akapalilie maharage. Mwezi uliopita dalali alimpigia simu kuwa ana mnunuzi. Akamwambia wamfuate Jumamosi, watamkuta shambani.