Umri si sababu pekee
Husemwa kwamba miaka huonekana kukimbia kwa sababu tunazeeka. Hiyo ni nusu tu ya habari. Tukitazama nyuma, muda tunaupima kwa wingi wa kumbukumbu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, mwanasayansi wa ubongo David Eagleman na wenzake waliangusha watu kwenye wavu kutoka mita 31. Walipokadiria baadaye, waliona wao wenyewe wameanguka kwa muda mrefu zaidi ya wenzao, kwa wastani wa asilimia 36. Lakini walipokuwa hewani hawakuweza kusoma namba zinazopita kwa kasi kuliko wanayoweza kusoma siku zote, yaani muda wenyewe haukupungua kasi. Kilichorefuka ni kumbukumbu!

Ndiyo maana miezi 6 ya basi la mwendokasi Kimara–Kivukoni, Dar es Salaam, macho kwenye simu, hubaki kichwani kama siku moja. Jaribuni hivi: mara moja kwa wiki shukeni kituo cha Fire, mmalizie kwa miguu, simu mfukoni. Usiku andikeni mistari 3 ya mlichokiona hasa, mfano: "Muuza kahawa anagonganisha vikombe, kimoja kimemeguka ukingo." Ukiandika "kazi, foleni, kulala" hakuna cha kukumbuka. Na njia mpya ikishazoeleka, ibadilisheni, maana ubongo huinakili kidogo tu.