Mzee Niliyetaka Kumtupa Dirishani

Mimi ni katibu wa kikoba chetu, na ugonjwa wangu ni Kiingereza kizito. Neno likiwa fupi naliona halijashiba.

Mwaka jana shilingi 180,000 hazikuonekana daftarini. Wajumbe wakaniagiza nimwandikie mweka hazina, mzee mstaafu, awapishe wengine. Kumwambia mzee wa watu "ondoka" niliona aibu. Nikakumbuka neno nililolikuta kwenye gazeti la Uingereza, chama fulani kilipomng'oa kiongozi wake: "defenestrate". Neno limevaa suti na tai! Nikaandika afanyiwe hivyo kabla ya mwisho wa mwezi, nikagonga mhuri.

Ijumaa jioni simu ikaita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwanangu, nimekukosea nini mpaka unitupe dirishani?"

Kumbe mjukuu wake wa kidato cha tatu alifungua kamusi. Neno lina asili ya Kilatini: "de" ni kutoka, "fenestra" ni dirisha. Lile gazeti lilisema kwa mafumbo, mimi nikalimeza zima zima. Na yule mtoto ana kiherehere, hakuishia hapo. Akamsomea babu yake habari za Prague, mji wa huko Ulaya, tarehe 23 Mei 1618, Waprotestanti walivyowabeba wakuu wawili wa mfalme pamoja na karani wao, wakawarusha nje kupitia dirisha la ngome, kama mita 21 kwenda chini. Wote watatu wakapona. Wakatoliki wakasema wamedakwa na malaika, wapinzani wao wakasema wameangukia samadi. Karani baadaye akapewa jina la heshima, "wa Anguko Refu".

"Sasa mwanangu," mzee akasema taratibu, "sisi tunakutania ghorofa ya tatu, na chini ya dirisha letu hakuna samadi. Kuna kijiwe cha bajaji."

Sikulala.

Jumapili nikafika mapema nimuombe radhi. Nikamkuta ameshakaa, tena palepale dirishani. Akatoa risiti iliyokunjwa mara nne, ina madoa ya rangi: nondo za madirisha, shilingi 180,000. Fundi alilipwa kabla, akapotea miezi miwili kama desturi yao, akamaliza kuzifunga jana yake usiku.

Mzee akainuka, akazigonga nondo kwa bakora yake, ngo! ngo!

"Haya katibu. Nitupe."