Fundi, nionyeshe spidi ya RAM kabla mteja hajalipa

"Imesoma." Neno hilo la mafundi wetu wa Tanga linanikera. Kompyuta imewaka, GB 16 za RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) zimeonekana, mteja analipa na kurudi zake Chumbageni. Kusoma ni jambo moja, kwenda kwa spidi yake ni jambo jingine.

RAM ya aina ya DDR4 ya kompyuta ya mezani iliyoandikwa 3200 (yaani kupeleka data mara milioni 3200 kwa sekunde) mara nyingi haifiki 3200 kwa kuchomekwa tu. Huanzia 2133, 2400 au 2666 mpaka mtu aingie kwenye BIOS, ile skrini ya mipangilio kabla kompyuta haijawaka kamili, awashe XMP, mpangilio wa kuiendesha RAM kwa spidi iliyoandikwa. Bodi nyingine za AMD huiita DOCP. Ikibaki 2133, kila chaneli, yaani njia ya data kati ya RAM na prosesa, inapitisha GB 17 kwa sekunde badala ya 25.6. Mteja kalipia ile 25.6!

Na kukagua hakumalizi hata dakika. Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua Performance, kisha Memory, usome palipoandikwa Speed. Kwa programu ya CPU-Z, RAM ya 3200 utaiona kama 1600, na hapo usigombane na fundi: DDR hupeleka data mara mbili kwa kila pigo la saa, basi zidisha kwa mbili. Wa Linux waandike sudo dmidecode -t memory, watazame Configured Memory Speed. Ile Speed ya juu yake ni uwezo wa RAM, si mwendo wake wa sasa.

Haya, nakubali fundi hana kosa kila mara. Prosesa ya Core i5-8400 kwenye bodi ya B360 haivuki 2666. Laptopu nyingi hazina XMP. Ukichanganya ya 3200 na ya 2400, zote zinashuka hadi 2400. Lakini ayaseme hayo kabla ya kuuza.

Kompyuta ikigoma kuwaka baada ya kuwasha XMP, chomoa umeme, toa betri ndogo ya bodi, CR2032, dakika chache, urudishe, ili BIOS irudi mwanzo. Ikiwaka na XMP, pitisha MemTest86, programu ya kupima RAM. Kosa hata moja, shusha hadi 2933. Na kwa hewa yetu ya chumvi, tazama yale meno ya dhahabu ya RAM: yakiwa na madoa meusi, yasugue taratibu kwa kifutio cha penseli. RAM zikiwa mbili kwenye bodi ya sloti nne, kwa kawaida zinakaa ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa.

Mafundi wa Ngamiani, nawaomba: kwenye risiti, chini ya "RAM GB 16", andikeni na spidi iliyoonekana kwenye skrini.