Tuhesabu pia aliyeua ni nani

Kila polisi wanapotoa takwimu za uhalifu hapa Kenya, vichwa vya habari hukimbilia jambo moja: mauaji yamepanda au yameshuka. Nami hulitazama hilo kwanza. Kisha natafuta jambo ambalo mara nyingi silipati, nalo ni uhusiano wa marehemu na mtu aliyemuua.

Ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu ilikadiria kuwa watu 458,000 waliuawa kwa kukusudiwa duniani mwaka 2021. Katika kila watano, takriban wanne huwa wanaume. Ukiishia hapo utaamini kuwa mauaji ni mambo ya magenge, bunduki na vichochoro vya usiku. Sasa uliza walioua ni akina nani. Mwaka 2023 wanawake na wasichana 51,100 waliuawa na waume, wapenzi au jamaa zao, yaani asilimia 60 ya wanawake wote waliouawa mwaka huo. Kwa wanaume, wanaouawa na watu wa nyumbani ni kama asilimia 12 tu. Afrika ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa zaidi, wanawake 21,700.

Kiwango cha mauaji huhesabiwa kwa kila watu 100,000, na hesabu hiyo inafaa unapolinganisha nchi kubwa na ndogo. Lakini magenge yakitulia, kiwango hushuka upesi, waziri akapongezwa. Mwanamke anayelala na mtu aliyeapa kumuua hajapata nafuu yoyote. Kifo chake ni kimoja katika maelfu, na katika jumla hakionekani.

Oktoba 2024 Inspekta Jenerali wa Polisi Douglas Kanja alisema wanawake 97 walikuwa wameuawa nchini katika miezi mitatu. Ni zaidi ya mmoja kila siku. Naamini tusingetajiwa idadi hiyo hadharani kama maelfu ya wanawake wasingeingia barabarani Januari 27 mwaka huo, Nairobi na miji mingine, wakiwa na mabango yenye majina ya waliouawa. Majina yale ndiyo yaliyokuwa takwimu zetu kabla serikali haijahesabu.

Agnes Tirop aliweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 kwa mbio za wanawake pekee Septemba 2021. Mwezi mmoja baadaye alikutwa amedungwa kisu nyumbani kwake Iten, na mumewe akashtakiwa kwa mauaji hayo. Vifo vya namna hii redio zetu huvieleza kwa maneno matatu, "mzozo wa kinyumbani". Maneno hayo yananiudhi sana. Mzozo ni wa watu wawili wanaorushiana maneno, wote wakaamka kesho. Maneno hayohayo yakiandikwa kwenye OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, basi hata mtafiti atakayefungua kitabu kile miaka kumi baadaye ataona ugomvi, hataona mtu aliyewindwa.

Januari 2025 Rais aliteua jopo la watu 42 likiongozwa na Nancy Baraza, aliyekuwa Naibu Jaji Mkuu, lichunguze ukatili wa kijinsia na mauaji ya wanawake. Sheria ya kuwakinga watu dhidi ya ukatili wa nyumbani tunayo tangu 2015. Ninachotaka mimi ni kidogo, na hakihitaji jopo. Kila kifo kinapoandikishwa, afisa ajaze uhusiano wa marehemu na mshukiwa, kama marehemu aliwahi kupiga ripoti, kituo gani, na alijibiwa nini. Costa Rica iliyafanya mauaji ya namna hii kuwa kosa lenye jina lake mwaka 2007. Sisi bado tunayaandika pamoja na ya majambazi.

Rebecca Cheptegei, mkimbiaji wa Uganda aliyetoka tu kushiriki marathoni ya Olimpiki ya Paris, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto Trans Nzoia, akafariki Eldoret Septemba 5, 2024. Familia yake ilisema malalamiko yalikuwa yamefika polisi. Mtu aliyetuhumiwa, aliyekuwa mpenzi wake, naye alikufa kwa majeraha ya moto huohuo siku chache baadaye. Hakuna hukumu iliyotolewa, kwa hiyo ukitafuta jibu kwenye takwimu za mahakama, Rebecca hayumo.