Tukifika Juni, kitabu kishafungwa

Mara yangu ya kwanza kwenda kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti yetu, huku Pwani ya Kenya, ilikuwa Juni. Ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama madirishani. Karatasi zilizogawiwa zilikuwa kurasa arubaini hivi, zote Kiingereza, nakala moja kwa watu watano. Bibi aliyeketi kando yangu, leso yake mabegani, alizipekua moja moja akitafuta jina la wadi yetu. Alipoliona aliweka kidole pale, akaniinamia: "Mwanangu, hapa pametajwa maji?"

Nikamwambia hapana, pametajwa uzio wa ofisi.

Alipofikiwa na kipaza sauti akasimama, akaeleza habari ya kisima chetu. Pampu imekufa miezi minane. Tangi liko, mabomba yako, lakini maji tunanunua kwa mikokoteni. Aliongea taratibu, bila kumtukana mtu. Afisa aliyekuwa mezani alimsikiliza kwa adabu na akaandika kitu. Kisha akamjibu: "Mama, tumekusikia. Lakini hiki kitabu kishafungwa. Tuombe uzima, mwaka ujao."

Maneno yale hayakunitoka. Nilikwenda nayo nyumbani nikidhani ni dharau. Baadaye, nilipoanza kuisoma sheria yenyewe, niligundua kwamba yule afisa alikuwa amesema kweli tupu, na kwamba hiyo kweli ndiyo inayotumaliza.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeipangia kila kaunti ya Kenya kalenda ya bajeti. Kufikia 30 Agosti, waraka wa kuanza matayarisho uwe umetoka. Kufikia 1 Septemba, mpango wa maendeleo wa mwaka uwe umefikishwa katika bunge la kaunti. Mradi ambao haumo katika mpango huo huanza safari ukiwa umeshaachwa nyuma. Kufikia 28 Februari unapelekwa waraka wa mkakati wa fedha, na huo ndio unaoamua maji yapate kiasi gani, afya kiasi gani, barabara kiasi gani. Wawakilishi wadi wana siku 14 tu za kuujadili na kuupitisha. Makadirio yenyewe yanafika kufikia 30 Aprili, na 30 Juni ndiyo mwisho wa kuyapitisha.

Basi hesabu mwenyewe. Sisi tunaoitwa kwa vipaza sauti mwanzoni mwa Juni tunaitwa kuchagua rangi ya nyumba iliyokwisha kuezekwa.

Ninachokiamini leo, baada ya miaka kadhaa ya kuzunguka na barua mkononi, ni kwamba kampeni nyingi za mitaani kwetu haziangushwi na uchache wa watu wala ukali wa wakubwa. Zinaangushwa na tarehe. Watu tunao, na hasira, Mungu anajua, tunayo. Lakini tunakusanyika pesa zikishagawanywa, tunapiga kelele wiki mbili, tunapewa ahadi, tunarudi nyumbani. Septemba inapita kimya kama si yetu.

Najua nitakavyojibiwa, kwa sababu nimejibiwa hivyo mara nyingi: kwani ni kazi ya muuza mbaazi kuijua kalenda ya bajeti? Si kazi ya kaunti kumfuata mwananchi? Ni kazi yao, sina ubishi. Katiba ya 2010 inasema hivyo katika Ibara ya 196 kuhusu mabunge ya kaunti, na tena katika Ibara ya 201 kuhusu fedha za umma. Hata ile lugha ya karatasi ni kosa lao. Ibara ya 7 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, sawa na Kiingereza. Mtu anapomletea bibi wa Pwani kurasa arubaini za Kiingereza halafu akamwomba maoni, amemwita aje kushuhudia tu. Wakati wa Mswada wa Fedha wa 2024, vijana wenyewe waliutafsiri na kuufafanua kwa lugha ambazo mama zao wanazielewa. Kama vijana waliweza kwa simu zao, kaunti yenye idara nzima ya mawasiliano inashindwa na nini?

Lakini tukingoja watimize wajibu wao ndipo sisi tuanze, anayebeba mtungi kichwani ni nani? Si yule afisa.

Nirudi kwa yule bibi. Jioni ya siku ile alimtuma mjukuu wake aniite barazani kwake. Nilikuta wanawake sita. Hawakuwa wameitana kulalamika, maana kulalamika walishachoka. Mmoja wao, aliyewahi kuuza dukani, akasema jambo ambalo mimi na kisomo changu sikulifikiria: "Mali bila daftari hupotea bila habari. Na sisi maji yetu hatujayaandika."

Kesho yake likanunuliwa daftari la kurasa 96. Kila nyumba ikapewa ukurasa wake. Kila jioni mtoto mmoja alipita na kalamu akiuliza maswali matatu: leo mmenunua mitungi mingapi, bei gani, na nani amekosa shule au kazi kwa kungoja maji. Basi. Hakuna hotuba humo ndani. Ninalo mbele yangu sasa hivi, jalada limelowa mafuta ya taa pembeni, na kurasa za Julai zina mwandiko wa watoto watatu tofauti. Nyumba moja ya watu saba ilikuwa ikinunua mitungi sita ya lita 20 kwa siku. Siku za kawaida mtungi ulikuwa shilingi 20, siku za shida ukafika 50. Kwa bei ya 20 ni shilingi 3,600 kwa mwezi. Kwa bei ya 50 ni shilingi 9,000, na hapo kuna watu mtaani kwetu ambao kodi ya chumba chao haifiki nusu ya hiyo.

Mwishoni mwa Agosti tukaandika barua. Ukurasa mmoja, Kiswahili, na kopi za kurasa kumi za daftari nyuma yake. Tukaipeleka kwa karani wa bunge la kaunti, nakala kwa idara ya maji na kwa mwakilishi wadi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa mwananchi haki ya kuwasilisha ombi katika kifungu cha 88, na kifungu cha 89 kinawawajibisha kulijibu. Tulivitaja vifungu hivyo kwenye mstari wa kwanza. Halafu, na hapa ningeomba kila anayesoma asipite haraka, tulibaki na nakala yetu iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Barua isiyo na muhuri ni maneno ya barazani. Siku ukiambiwa haikufika, huna la kuonyesha.

Barua ya pili ilikuwa ya kuuliza. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inazipa ofisi za umma siku 21 za kujibu, na wakikaa kimya unaweza kulipeleka shauri lako kwa Tume ya Haki ya Utawala. Tuliuliza kitu kimoja: matengenezo ya kisima hiki yamewahi kupangiwa fedha, lini, na ngapi? Jibu lilikuja siku ya 19. Kisima kilikuwa kimetajwa katika mpango wa mwaka uliotangulia, lakini fedha hazikutengwa. Kumbe tulikuwa tumeandikwa! Tuliandikwa, tukaachwa, na kwa kuwa hakuna aliyeuliza Februari, hakuna aliyeona haya.

Februari ilipofika tulikwenda tisa. Ukumbi ulikuwa na watu wasiozidi ishirini, wengine wakiwa maafisa wenyewe. Bibi alilitoa daftari mkobani, akasoma ukurasa wa nyumba yake tangu tarehe mosi hadi mwisho wa mwezi. Ilichukua kama dakika nne. Hakuna aliyemkatiza. Aprili mstari wetu ulikuwemo katika makadirio, Juni ukapita nao, na pampu ikafungwa Novemba. Mwaka mmoja na miezi mitano tangu aambiwe kitabu kishafungwa.

Ni muda mrefu kwa kitu kama pampu. Sitaki kuupamba. Kuna mtoto mtaani kwetu aliyepoteza karibu nusu ya muhula, na hakuna bajeti itakayomrudishia.

Wenzetu Pwani hii wamengoja zaidi ya hapo, kwa mambo mazito kuliko letu. Owino Uhuru, Mombasa, watu waliishi ukuta kwa ukuta na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichowatia sumu ya madini ya risasi. Phyllis Omido aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho aligundua kwamba mwanawe mchanga ana sumu hiyo mwilini, na akaanzia hapo. Waliandamana, naam, na walikamatwa. Lakini kilichowafikisha mahakamani wakasimama ni vipimo vya damu na vya udongo, karatasi juu ya karatasi. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, mahakama ya rufaa ikaiondoa 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Fikiria mtu aliyeweza kuzihifadhi karatasi zake salama miaka yote hiyo.

Na Lamu. Mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 ulikuwa ujengwe Kwasasi, karibu na mji wa kale ambao umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2001. Leseni ya mazingira ilitoka 2016. Wananchi chini ya muungano wa Save Lamu waliipinga mbele ya Baraza la Kitaifa la Mazingira, na 26 Juni 2019 leseni ikafutwa. Hoja iliyoiangusha ndiyo inayonihusu hapa: wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mikutano ilikuwa imefanyika, ndiyo, lakini ya kuutambulisha mradi, kabla ripoti ya athari zake kwa mazingira haijawa mikononi mwa watu. Oktoba 2025 mahakama ya Malindi ikakataa rufaa ya mwenye mradi.

Kwa hiyo mkutano unaoitishwa kujaza viti tu si jambo dogo. Unaweza kuwa ndio udhaifu utakaouangusha mradi mzima wa mabilioni, iwapo wananchi wataweka kumbukumbu ya kilichosemwa na kilichofichwa. Ndiyo maana nina neno kuhusu pesa za nauli zinazogawiwa kwenye mikutano hiyo. Simlaumu mama aliyeacha kibarua cha siku moja akachukua shilingi 500 mlangoni. Ninachomwomba ni asome alichotia sahihi. Mara nyingi ile karatasi ya mahudhurio ndiyo itakayobebwa kesho kuthibitisha kwamba "wananchi walishauriwa". Chukua nauli yako, lakini andika kando ya jina lako, kwa mkono wako: nakala sikupewa. Maneno mawili tu. Nimeona afisa akibadilika uso kwa maneno hayo mawili.

Kuna wanaosema njia hii ya barua na mihuri inawapoza watu, kwamba haki haijawahi kupatikana kwa upole. Siwadharau. Ibara ya 37 inatupa haki ya kuandamana kwa amani, na Juni 2024 nchi nzima iliona ule Mswada wa Fedha ukirudishwa bungeni kwa sababu watu walitoka, na wengine hawakurudi makwao. Sitamwambia mzazi yeyote aliyezika mwanawe kwamba ingetosha kuandika barua. Ninachosema ni kidogo kuliko hicho: maandamano yanaweza kuzuia jambo baya, lakini pampu, dawa za zahanati, taa ya njia ya kwenda shule, haviletwi na siku moja. Vinaletwa na mstari ulioandikwa katika karatasi fulani mwezi fulani, na asiyekuwepo na lake halipo.

Barua ya mwaka huu iko mezani ninapoandika haya. Tunaomba taa mbili katika njia ya kisimani, kwa sababu maji yakitoka hutoka alfajiri, na wasichana wanakwenda gizani. Daftari la pili limeorodhesha nani alikwenda saa ngapi, na siku mbili ambazo walirudi mbio bila mitungi. Sahihi zimefika 61. Nyumba za upande wa nyuma bado, jioni hii tunapita huko.