Jino moja la sproketi na mlima wa Mwanga

Vijiwe vya bodaboda hapa Kigoma vina ubishi wao wa siku zote: sproketi ya mbele, lile gurudumu dogo la meno linalovuta cheni, ibaki na meno 14 au iwekwe ya 15? Wa 15 wanasema chombo kinakimbia. Wa 14 wanasema kinakufa mlimani. Wote wanasema kweli, ndiyo maana hawamalizi.

Chukua sproketi ya nyuma yenye meno 42. Ukiwa na 14 mbele, ile ndogo huzunguka mara 3 ndipo tairi lizunguke mara 1. Tairi la 3.00-17 (upana inchi 3, rimu ya inchi 17) likizunguka mara moja, pikipiki inasogea kama mita 1.83, yaani sentimita 61 kwa kila mzunguko wa sproketi ndogo. Weka 15, unapata 65. Jino moja, asilimia 7. Injini ikizunguka vilevile mwendo unaongezeka kiasi hicho, na nguvu ya kusukuma inapungua karibu kiasi hichohicho. Kupata hayohayo kwa sproketi ya nyuma, ungelazimika kupunguza meno 3.

Anayekwenda Kasulu kwenye lami na abiria mmoja, sina ugomvi naye. Injini inatulia, haipigi kelele. Ila asitegemee maajabu: upepo ukianza kuzuia, injini ndogo inaishiwa pumzi kwenye gia ya mwisho, anarudi gia ya nne na jino lake halijamsaidia kitu.

Mjini ni habari nyingine kabisa. Juzi nilikuwa nyuma ya kijana mwenye 15 anayepandisha kutoka stesheni kwenda mtaa wa Mwanga, mifuko miwili ya saruji nyuma. Gia ya pili ikamshinda. Akaingia ya kwanza, injini inalia, mkono umeshikilia klachi nusu mpaka juu. Hapo ndipo pleti za klachi zinapolika. Na akirudi bila mzigo, mteremko uleule, injini haimzuii vizuri kama zamani. Kazi yote inaangukia breki.

Tairi nalo ni gia, ingawa wengi hawalihesabu. Ukitoka 3.00-17 kwenda 2.75-17 umepoteza kama asilimia 2 ya mwendo na kupata nguvu kidogo. Rimu ya 18 inakupa asilimia 4, zaidi ya nusu jino, lakini gharama yake haina maana. (Mita ya kasi kwenye pikipiki nyingi hizi inasoma gurudumu la mbele, kwa hiyo sproketi haiidanganyi. Anayejisifu "imefika 100" aulizwe kwanza tairi la mbele ni saizi gani.)

Kwa anayehangaika na Mwanga kutwa nzima, mimi niko na 14. Tabora kule tambarare ningeweka 15 bila kufikiri mara mbili. Ila ukibadilisha, nunua seti nzima, sproketi zote mbili na cheni. Sproketi mpya kwenye cheni iliyovutika inatafunwa meno upesi, na fundi atakuona tena kabla hujarudisha hela yako.