Mjomba wa Upande wa Bwana Harusi

Nafasi ilikuwa ya Mtendaji wa Mtaa. Mtihani wa mchujo nilikuwa nimeupita, yamebaki mahojiano. Aliyewahi kuitwa kwenye usaili wa serikali anayajua mambo yake: uje na vyeti halisi, si nakala, majina yafanane kuanzia cheti cha kuzaliwa hadi shahada, nauli na chakula utajijua. Halafu unameza sheria. Ibara ya 145 na 146 za Katiba, zile za serikali za mitaa, nilizikariri hadi bafuni. Sheria Na. 7 ya 1982, mamlaka za wilaya, Na. 8 ya mwaka huohuo, mamlaka za miji. Baba mdogo alijitolea kuwa jopo. Akakaa sebuleni na msuli wake, miwani imeshuka puani, akawa ananirudisha mlangoni kila nilipothubutu kuketi kabla hajanikaribisha.

Suti niliipata soko la Karume, mtumba wa bluu uliokolea, nikaipeleka kwa dobi wa mtaani. Dobi wetu anatumia pasi ya mkaa, kwa hiyo kisingizio cha umeme kukatika hana. Nilimwamini kwa sababu hiyo hiyo.

Mahojiano kesho saa moja asubuhi, leo jioni naenda kuchukua nguo: kibanda kimefungwa. Mama ntilie wa jirani akaniambia bila hata kuinua macho kwenye sufuria, "Dobi kaenda kwenye sendofu Mbagala. Leo kapendeza! Suti ya bluu, utadhani mbunge."

Nikapiga simu. Muziki ukapokea kabla yake.

"Kaka, usiwe na wasiwasi," akapiga kelele. "Suti iko salama, nimeivaa mwenyewe!"

Daladala hadi Rangi Tatu, ukumbi nikauona kwa taa. Mlangoni kijana mwenye miraba minne akataka kadi. Nikamwambia sina kadi, nimefuata suti yangu. Akanitazama jezi niliyovaa, akaniambia hiyo mpya, wengine huwa wanasema wamefuata mtoto. Ikabidi dobi aitwe. Akaja anang'aa, ua kifuani, ananiita "ndugu yangu" kama tulizaliwa pamoja.

Kumbe bwana harusi ni rafiki yake, kwao Kigoma, na ndugu waliotegemewa kuja wamekwama njiani. Upande wa bwana harusi ukabaki na watu wachache mno kwa utambulisho. Dobi akateuliwa mjomba. Na mjomba bila suti ni mjomba gani?

Huruma yenyewe sikuwa nayo. Tukaingia chooni, tukabadilishana: yeye jezi na jinzi yangu, mimi suti, ua likiwa bado limebanwa kifuani. Mpango ulikuwa nitoke kwa mlango wa nyuma. Mlango wa nyuma ulikuwa na kufuli. Nikapita pembeni ya ukumbi nimeinama, na MC, ambaye aliambiwa tu mjomba ana suti ya bluu na ua, akaniona.

"Mjomba huyo! Msimwache akimbie, mjomba ana aibu!"

Taa zikanigeukia. Mikono ikanisukuma hadi mbele, kipaza sauti kikaletwa mdomoni. "Mjomba, jitambulishe, halafu utuambie machache."

Kichwani mwangu usiku ule kulikuwa na kitu kimoja tu.

"Ndugu mwenyekiti na wajumbe wa jopo," nikaanza. Nikataja jina, nikataja shahada ya utawala wa umma. Watu kimya. Nikaendelea, maana ukishawasha mashine ya kukariri haizimiki katikati: "Kwa mujibu wa Ibara ya 146, madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi."

MC ndiye aliyeniokoa, Mungu ambariki. "Mmesikia? Madaraka! Mjomba anasema binti yetu akifika kule anakabidhiwa madaraka ya nyumba!"

Vigelegele vikapasuka. Mashangazi wa bibi harusi wakaja wanacheza, wakanifunga kitenge kiunoni, mmoja akanikumbatia kwa nguvu hadi poda yake yote ikahamia kwenye kola yangu. Mlangoni kule namwona dobi, amevaa jezi, anapiga makofi kuliko wote.

Usiku kucha baba mdogo aliisugua kola kwa kitambaa cha maji. Poda ikasambaa.

Mahojiano yenyewe hayakuwa marefu. Waliniuliza Ibara ya 146, nikaitiririsha bila kugugumia. Tatizo ni kwamba nilipomaliza nilinyamaza kidogo, natabasamu, nikisubiri vigelegele. Jopo nao wakawa wananisubiri mimi.

Matokeo bado hayajatoka. Kilichotoka ni kadi ya mchango wa harusi, kaileta dobi pamoja na jezi yangu, imefuliwa, imepigwa pasi vizuri sana. Kamati imeandika kwa mkono: *Mjomba Mtendaji, laki mbili.*